Hayabusa Hachezwi kwa Pupa

Juzi Jumatatu, saa sita kasoro robo usiku, nimeingia Mythic, daraja la juu kwenye Mobile Legends, mchezo wa simu ambao timu mbili za watu watano zinapigana mpaka moja ivunje jumba la nyingine. Peke yangu, bila skwadi, bila mtu wa kunibeba. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za ghorofa letu Michenzani, kwa sababu ndani mtandao unakatika na mama alikuwa amelala. Nyota ya mwisho ilipoingia sikupiga kelele. Nilisema alhamdulillahi, nikaizima simu, nikakaa gizani kama nusu saa hivi.

Asubuhi nikaweka picha ya ranki kwenye status. Pongezi zilikuja nyingi na nazishukuru zote. Ila ujumbe mmoja ndio ulionikalisha chini kuandika haya. Dada mmoja wa Konde, Pemba, kaniandikia hivi kuhusu Hayabusa, mmoja wa mahiro (wahusika) wa mchezo huo: "Kaka, huu ni mwezi wangu wa tano nacheza Hayabusa. Naua watu kumi, kumi na mbili kila mechi, na bado tunafungwa. Timu inanitukana mie. Kosa langu liko wapi?"

Dada yangu, ujumbe wako umenigusa penyewe. Mwaka jana mie nilikuwa weye.

Wengi mnaosoma hapa mnanijua kwa Mobile Legends, lakini hamjui kwamba niliwahi kutolewa kwenye timu. Sijawahi kulisema hadharani. Tulikuwa vijana watano wa mtaa, tumecheza pamoja karibu miaka miwili, mie ndiye mtu wa msituni, yule anayeua wanyama wa kwenye ramani ili apate nguvu, na Hayabusa ndiye hiro wangu. Kulikuwa na mashindano kwenye ukumbi mmoja mdogo upande wa Mwanakwerekwe, timu nane, zawadi laki tatu kwa bingwa. Tukafika fainali. Mechi mbili tukagawana, moja yetu moja yao, ikabaki ya tatu.

Ile ya tatu nakumbuka kila kitu. Dakika ya kumi na saba, nimeshaua mara kumi na nne, ukumbi mzima unaita jina la Hayabusa. Mpigaji wao (hiro wa kupiga kwa mbali), Layla, akaonekana peke yake karibu na kichaka cha katikati, damu yake imebaki nusu. Hana mtu. Anarudi nyuma polepole kama mtu asiyejua njia. Mwenzetu aliyeshika tanki, yaani hiro mgumu wa kukinga wenziwe, akasema kuhusu tanki la adui, "usiende, Tigreal haonekani kwenye ramani." Nilimsikia. Wallahi nilimsikia vizuri sana. Lakini mkono ulikuwa umeshatupa vivuli, ile skili ya Hayabusa ya kuhamia mahali ghafla.

Nikaingia, nikamrushia shuriken, nikabonyeza alti, skili kubwa ya hiro. Layla alibaki na damu kidogo tu. Alti ilipokwisha na mwili wangu ukarudi chini, Tigreal akatoka kichakani, akanivuta na kunibana, mchawi wao akamalizia. Muda niliokaa nje nikingoja kufufuka, wao wakaenda kumchukua Lord, lile dude kubwa la msituni linalompigania aliyeliua, wakaja naye mpaka kwetu. Nilifufuka nikaona jumba letu linapasuka.

Kapteni hakupiga kelele. Alisema maneno matatu tu: "Hesabu zako beba." Usiku ule ule nikaondolewa kwenye kundi letu la WhatsApp. Wale ni watu ambao nimekula nao urojo sahani moja. Hakuna hata mmoja aliyenipigia simu kuniuliza hali, na hilo mpaka leo linaniuma kuliko ile laki tatu.

Siku chache baadaye baba akanituma Pemba, kwa babu Wete, ulikuwa msimu wa karafuu na mikono ilikuwa inahitajika. Nilikwenda na hasira zangu. Mchana tunachambua karafuu na vikonyo, tunaanika kwenye majamvi, mawingu yakija tunakimbia kukusanya. Mtandao kule kwa babu unashika ukisimama nyuma ya banda la mbuzi tu, kwa hiyo michezo ya simu nikaiweka kando. Jioni nikawa nakaa barazani nawatazama wazee wakicheza bao.

Siku moja babu alikuwa anacheza na mzee mwenziwe, wameshamaliza kunamua, yaani kuingiza kete mchezoni, kete zote sitini na nne ziko chini. Babu akacheza mchezo ambao hata mie nisiyejua bao niliona ni wa ajabu. Akaacha shimo lake la mbele, limejaa kete, wazi kabisa, mwenziwe analila kwa mkono mmoja. Nikamwambia, "Babu, mbona umemwachia?" Babu hakunijibu. Yule mzee akalitazama lile shimo, akatikisa kichwa, akala. Alikuwa hana la kufanya, kwa sababu kwenye bao ukiwa na mtaji, yaani nafasi ya kula, ni lazima ule, sheria haikupi hiari. Akala, akazunguka, kete zake za mbele zikahama zote kwenda pembeni. Zamu ya babu ilipofika alikwenda mara moja, akala, akaendelea, akala tena, mpaka safu ya mbele ya mwenziwe ikabaki tupu. Na safu ya mbele ikiwa tupu mchezo umekwisha.

Ndipo babu akanigeukia. "Yeye kalazimishwa na sheria, mjukuu wangu. Ndiyo maana mtego umemkamata."

Sikulala usiku ule. Layla hakuwa amepotea njia. Layla alikuwa lile shimo la babu. Tofauti ni moja: yule mzee alikula kwa sababu sheria ya bao inamlazimisha. Mie ni nani aliyenilazimisha? Kwenye Mobile Legends hakuna sheria inayosema ukimuona adui mwenye damu nusu ni lazima umfuate. Ile sheria nilijitungia mwenyewe.

Basi dada yangu wa Konde, na wengine wote mnaocheza asasini kama Hayabusa, hapa ndipo penye jambo lenyewe. Asasini ni hiro mwenye nguvu ya kumaliza mtu mmoja kwa sekunde mbili, halafu hana kitu. Hana damu nyingi, hana ngao, skili zake zimekwisha. Kwa hiyo swali si "naweza kumuua?" Hayabusa mwenye dhahabu anaweza kumuua karibu mpigaji yeyote na mchawi yeyote. Swali ni "nikishamuua, nipo wapi na nani anajua nipo hapo?"

Kabla sijaingia, siku hizi nafanya kitu kimoja: nahesabu adui kwenye ramani. Wako watano. Nikiwaona watatu, wawili wapo mahali, na mahali hapo mara nyingi ni kichaka kilicho karibu na yule aliyejiacha wazi. Nikiona tanki lao halimo, siingii. Nikiona tanki limo lakini bado lina alti, siingii vilevile. Matanki kama Tigreal akishavuta, Atlas akishavuta, Franco akishamkamata mwenzetu, hapo ndipo mlango unafunguka, maana kile cha kukufunga wewe wameshakitumia kwa mwingine. Mie sasa hivi kwenye mapigano ya watu kumi naingia wa mwisho. Wenzangu wapya walinilaumu mwanzo, wakasema naogopa. Baadaye wakazoea.

Kuhusu Hayabusa mwenyewe. Alti yake inapiga mara nyingi, lakini mapigo yanagawanyika kwa maadui wote walio karibu. Ukiibonyeza kwenye kundi la watu wanne, kila mmoja anapata kidogo na hafi mtu. Ukiibonyeza kwa mtu mmoja aliye peke yake, yote ni yake. Tena mpige kwanza kwa skili nyingine mpaka zile alama za kivuli zimjae mwilini, ndiyo umalize. Nimewaona watu wengi wanaanza na alti kwa sababu inapendeza machoni. Na wakati wa alti hupigiki, hilo kweli, lakini ikikwisha unarudi chini palepale alipo adui, na hapo ndipo niliposhikwa mie. Vile vivuli vinne usivimalize vyote kwa kuingilia. Bakisha kimoja nyuma cha kurudia. Mie ile siku ya Mwanakwerekwe nilivitumia vyote kwa kumkimbilia Layla.

Fungua ubao wa vifaa uangalie mpinzani amenunua nini. Hii watu hawafanyi kabisa! Mpigaji akiwa na kifaa cha Wind of Nature, akiiwasha, kwa sekunde mbili mapigo yako ya mwili hayamwingii, na alti yako yote inakwenda bure. Msubiri aiwashe kwanza. Akiwa na kifaa cha Immortality utamuua mara ya kwanza, atafufuka, na wewe utakuwa umesimama juu yake huna skili.

Halafu msitu. Hayabusa bila alti ni mtu wa kawaida, kwa hiyo safisha wanyama wako ufike ngazi ya nne mapema, usipite kupita njiani kutafuta ugomvi. Kasa, dude jingine la msituni la kugombaniwa, wa kwanza anatoka dakika ya 2, Lord dakika ya 8. Hizo dakika zikikaribia mie naacha kumkimbiza mtu yeyote, hata akiwa na damu kiduchu. Retribution yako, ile skili ya kumalizia wanyama, ni ya Kasa na Lord. Ukifa sekunde kumi kabla ya Kasa, umewapa Kasa. Dada, naamini hapa ndipo mechi zako zinapokwenda. Unaua watu kumi na mbili, lakini mnapata Kasa wangapi? Tazama marudio ya mechi zako tatu za mwisho, hesabu.

Anayetaka kuona subira amtazame Mfilipino KarlTzy. Alichukua ubingwa wa dunia wa M2 na Bren Esports kule Singapore Januari 2021, akachukua tena M4 na Echo kule Jakarta Januari 2023. Watu wanakata vipande vya video vyake akiua, wanavirusha. Mie nawaambia tazameni mechi nzima, na mtazameni wakati ambao haui. Anazunguka, anasafisha mnyama, anasimama kichakani hafanyi kitu.

Suala la mtandao nilimalize haraka maana najua mtaniuliza. Kama ping yako (ucheleweshaji wa mtandao) inapanda na kushuka, achana na asasini kama Fanny kabisa, na Gusion pia. Kamba anazorukia Fanny hazisubiri bando la mtu. Saber ni mzuri kwa wanaoanza, alti yake unamfunga mtu mmoja na inakwenda yenyewe. Karina naye, akiua alti inarudi. Hayabusa anavumilia mtandao mbaya kidogo, si sana.

Na jingine, ndugu zangu, acheni matusi. Nawaambia kwa sababu limenikuta. Mtu akikosea mkamtukana, mechi ya pili atacheza ili kuwaonyesha, ataingia mahali pasipoingiwa, atakufa, mtamtukana zaidi. Mie mwaka jana nilikuwa naua ili nitajwe jina. Ukumbi ukiita Hayabusa nilikuwa najisikia mtu. Vijana wengi tuko hivyo, si kwenye simu tu. Tunaona fursa imewekwa mbele yetu, inang'aa, tunairukia bila kuuliza aliyeiweka ni nani. Kazi inatangazwa mtandaoni ulipe ada kwanza, tunalipa. Mtu anakusifia siku mbili, unampa siri zako. Hesabuni kwanza walioko kichakani. Naliamini hili kwa moyo wangu wote, na ningelijua mapema ningekuwa na marafiki zangu mpaka leo.

Mechi ya Jumatatu, ile ya kuingia Mythic, nayo ilifika dakika ya kumi na sita ikiwa sawa sawa. Mpigaji wao safari hii alikuwa Miya. Akatoka peke yake, kichaka kilekile cha katikati, damu nusu. Moyo ulinipiga, vidole vikawa vinatoka jasho nikavifuta kwenye kikoi. Nikahesabu: watatu ninawaona. Nikaondoka. Nikaenda upande wa Lord, nikamwita mwenzangu kwa alama mara tatu, tukaanza kumpiga sote wawili. Adui walipogundua ilikuwa imeshachelewa, nikampiga Retribution akaanguka kwetu. Na nilipotazama ramani, tanki lao lilikuwa ndiyo kwanza linatoka pale kichakani, linakuja mbio.

Dada wa Konde, nitumie hayo marudio matatu. Nitayatazama Ijumaa baada ya sala, nitakuandikia dakika kwa dakika ulipokuwa hupaswi kuingia. Na yule aliyekuwa kapteni wangu, kama unasoma: jana umeiona status yangu, jina lako nimeliona. Namba yangu ni ileile.