Barua kwa mwanangu wakili, kuhusu Jenerali Smuts

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia salama hapa Tabora, na namshukuru Mungu kwamba wewe na wenzako mnaendelea vizuri na kazi. Umeniuliza inawezekanaje Jan Smuts wa Afrika Kusini, mtu aliyesomea sheria, asiyewahi kupita chuo chochote cha kijeshi, akawa jenerali aliyeongoza majeshi yaliyowaondoa Wajerumani Dar es Salaam; tena, kwa kuwa umeombwa kuzungumza juu yake mbele ya mawakili vijana, ungependa kujua kama ni mtu wa kumsifu. Nitakujibu kwa kadiri ya yale niliyoyasoma na kuyafundisha, lakini usitarajie jibu la neno moja.

Jan Smuts alizaliwa mwaka 1870 karibu na Riebeek West, katika Koloni la Rasi, akasoma Stellenbosch na baadaye sheria katika Chuo Kikuu cha Cambridge, ambako alifaulu kwa daraja la juu kabisa. Aliporudi Cape Town mwaka 1895 wateja hawakuwa wengi, jambo ambalo nadhani litakupa faraja wewe unayelalamika kuhusu miaka ya mwanzo ya uwakili. Uvamizi wa Jameson dhidi ya Transvaal, jamhuri ya Makaburu, yaani wazungu wa Afrika Kusini wenye asili ya Kiholanzi, ambao Cecil Rhodes, waziri mkuu wa Koloni la Rasi, alihusika kuupanga, ulimfanya ajitenge na siasa za Waingereza na kuhamia upande wa Makaburu wenzake, na mwaka 1898, akiwa na umri wa miaka 28 tu, Rais Kruger alimteua kuwa Mwanasheria wa Serikali ya Transvaal.

Hapo ndipo lilipo jibu la sehemu ya kwanza ya swali lako, maana Smuts hakuiacha sheria ili aingie vitani. Mwezi Septemba 1899, kabla risasi ya kwanza ya vita kati ya Makaburu na Waingereza haijapigwa, aliiandikia serikali yake waraka uliopendekeza kwamba Makaburu waingie Natal, koloni la Waingereza, kwa kasi na kufika Durban kabla Waingereza hawajaleta wanajeshi zaidi kwa meli. Ulikuwa mpango wa vita ulioandikwa kama hoja za wakili mahakamani: adui ana nini, hana nini, na muda uko upande wa nani. Wakubwa wake hawakuufuata. Pretoria, mji mkuu wa Transvaal, ilipokaribia kuanguka mwaka 1900, ni yeye aliyesimamia kuondolewa kwa dhahabu ya serikali mjini, kisha akaenda porini na wapiganaji. Mwaka 1901 aliongoza kikosi kidogo cha wapanda farasi kuingia ndani kabisa ya Koloni la Rasi, akiwa na kitabu cha falsafa cha Kant katika mizigo yake, na kwa miezi mingi Waingereza hawakumkamata. Ujasiri wake siutilii shaka hata kidogo.

Jambo ninalotaka ulitazame kwa makini zaidi, hata hivyo, ni mapatano ya Vereeniging ya tarehe 31 Mei 1902, yaliyomaliza vita hivyo, kwa sababu pale jenerali alirudi kuwa wakili. Smuts alikuwa mshauri wa sheria wa upande wa Transvaal, na pamoja na Hertzog, ambaye naye alikuwa jaji kabla ya kuwa jenerali, alishiriki kuandika masharti ya amani. Kifungu cha 8 kilisema kwamba suala la kuwapa wenyeji haki ya kupiga kura halitaamuliwa mpaka baada ya serikali ya ndani kuanzishwa, yaani mpaka Makaburu wenyewe wawe wameshika madaraka. Kwa sentensi hiyo fupi, Waafrika wa Transvaal na wa Orange Free State, jamhuri nyingine ya Makaburu, walinyimwa kura kwa zaidi ya miaka 90. Katika vita vile Makaburu wapatao 26,000 au zaidi, karibu wote wanawake na watoto, walikufa katika kambi za Waingereza, na Smuts aliwaombolezea kwa haki kabisa. Lakini Waafrika wasiopungua 14,000 walikufa katika kambi zao, nao hawakuwa na mtu mezani pale.

Aliendelea hivyo hata alipokuwa waziri katika Muungano wa Afrika Kusini, uliokuwa sasa chini ya Taji la Uingereza. Januari 1914 aliwakamata viongozi 9 wa mgomo, akawapakia melini kwenda Uingereza bila kuwafikisha mahakamani, akijua kwamba hakuna sheria iliyomruhusu, kisha akaliomba bunge lipitishe sheria ya kumkinga. Wewe unajua kuliko mimi jambo hilo linaitwaje katika taaluma yenu.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alifika Mombasa Februari 1916 kuchukua uongozi wa majeshi ya Uingereza katika Afrika Mashariki. Mwezi Machi akaichukua Moshi. Alipenda kuzunguka ubavuni mwa adui kwa kasi, kama Makaburu walivyozoea juu ya farasi, na ramani ilimwonyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Nchi ilimkatalia. Van Deventer, jenerali aliyekuwa chini yake, alifika Kondoa Irangi mwezi Aprili, masika yakamfungia huko, farasi wakafa kwa ndorobo, na askari wakaishi kwa chakula kidogo huku malaria ikiwamaliza. Dodoma ilitwaliwa Julai, Morogoro tarehe 26 Agosti, Dar es Salaam tarehe 4 Septemba, lakini von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alimponyoka kila mara.

Hapa kwetu Smuts hakufika. Wajerumani walikuwa wameuhamishia utawala wao Tabora, na katika karakana ya reli walitengeneza sarafu za dhahabu zenye picha ya tembo. Walioingia mjini tarehe 19 Septemba 1916 ni askari wa Kongo chini ya Jenerali Tombeur wa Ubelgiji, waliokuwa wamekwisha kuichukua Kigoma mwishoni mwa Julai, siku chache baada ya Wajerumani kuizamisha meli yao Goetzen, ambayo leo tunaiita Liemba. Smuts aliondoka Januari 1917 na kuuambia ulimwengu kwamba vita vya huku vimekwisha kwa sehemu kubwa. Von Lettow-Vorbeck alisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918.

Mwanangu, farasi walipokufa, mizigo ilihamia vichwani mwa watu. Wanyamwezi, waliokuwa wapagazi mashuhuri tangu enzi za misafara, walichukuliwa na kila upande. Hesabu rasmi za Waingereza zilikiri vifo vya zaidi ya wapagazi 40,000, na watafiti waliofuata wameiona idadi hiyo kuwa ndogo mno. Wengi waliuawa na kuhara damu, njaa na uchovu. Kariakoo unakopita kila siku palikuwa na kambi yao. Babu wa marehemu baba yako alichukuliwa akiwa kijana, na ukoo haukuambiwa kamwe alizikwa wapi. Kila mwendo wa kasi ambao wanahistoria wa kijeshi wanausifu ulitegemea migongo hiyo, na ndiyo maana mimi siwezi kumsifu Smuts kama jenerali bila kuwataja.

Wala siwezi kumtupa. Desemba 1918 alitoa kijitabu kilichosaidia kuunda Shirikisho la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa, na utaratibu wa nchi za udhamini, yaani nchi zinazotawaliwa chini ya uangalizi wa mataifa, ingawa makoloni ya Afrika aliyaweka nje ya pendekezo lake kwa kuwaona watu wake hawawezi kujitawala. Wengine waliyaingiza, na Tanganyika ikawa chini ya udhamini. Mwaka 1945 alishiriki kuandika utangulizi wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa, wenye maneno ya haki za binadamu, na mwaka uliofuata India ikaishtaki nchi yake katika umoja huohuo kwa jinsi ilivyowatendea Wahindi. Mwaka 1955 Nyerere, aliyesoma hapa Tabora, alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, akatumia mlango ambao Smuts hakuwa amekusudia tuupite.

Kwa hiyo utakapozungumza na wenzako, usianze na Morogoro wala na farasi. Wasomee kwanza kifungu cha 8 cha Vereeniging, kisha utangulizi wa mwaka 1945, uwaambie kwamba mtu mmoja alikuwa na mkono katika maandishi yote mawili, na uwaache wao wauulize ukumbi ni akina nani waliohesabiwa kuwa watu katika kila hati. Nitumie hotuba yako ukishaiandika, nami nitaihakiki tarehe zake.

Nakutakia afya njema na kazi njema.

Mama yako,
Tabora