Umewezeshwa kufanya nini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimepata barua ya kazi imeandikwa Kiingereza, kuna sehemu inasema "you are empowered to sign on behalf of the company". Mimi empower naijua ni kumwezesha mtu kiuchumi, zile habari za mitaji ya vijana na vikundi vya akina mama. Sasa hapa mimi nimewezeshwa nini, kuna hela inakuja? Na kwa Kiswahili ningeandikaje?

Jibu: Marahaba. Hela hakuna hapo, umepewa mamlaka ya kusaini kwa niaba ya kampuni, basi. Andika "umepewa mamlaka ya kusaini" au "umeidhinishwa kusaini", na ukitaka Kiswahili cha magazeti ni kwamba umepewa rungu. Ukiandika "umewezeshwa kusaini" msomaji atadhani ulikuwa umevunjika mkono ukatibiwa.

Ila umenigusa kwenye kidonda, maana hukukosea kwa bahati mbaya, umekoseshwa. Hili neno kuwezesha tumelichezea mpaka limeishiwa, na mtu mzima mwenye akili zake anasoma barua inayompa madaraka anaanza kusubiri hela.

Kwanza asili yake kwa kifupi. Power Waingereza waliitoa kwenye Kifaransa cha zamani na mzizi wake ni Kilatini, posse, yaani kuweza. Empower ikaingia karne ya 17 na ilikuwa neno la mambo ya sheria, fulani anapewa mamlaka ya kufanya jambo fulani, kwa hiyo barua yako ndo imelitumia kwa maana ya zamani na hiyo ya vikundi ndo ngeni. Karne ya 20 watu wa ustawi wa jamii na wanaharakati wakalichukua, Barbara Solomon kule Marekani mwaka 1976 alilitumia kwa jamii za watu weusi zilizokuwa zimekandamizwa, halafu ukaja mkutano wa wanawake wa Beijing mwaka 1995, ule ambao katibu mkuu wake alikuwa Gertrude Mongella wa Tanzania, na mpango wa utekelezaji uliopitishwa pale unajiita wenyewe ajenda ya empowerment ya wanawake. Sasa angalia aya ya kwanza tu ya mpango ule inataka nini: wanawake washiriki kikamilifu na kwa usawa kwenye maamuzi ya uchumi, ya jamii, ya utamaduni na ya siasa. Maamuzi. Ndo kiini cha neno, nani ana kauli ya mwisho.

Sisi tukalitafsiri kuwezesha, na kusema kweli tafsiri si mbaya hata kidogo, power ni kuweza na wezesha ni weza iliyotiwa kauli ya kutendesha, imekaa vizuri kabisa. Shida ni tulichofanya baadae. Weza ni kitenzi kinachodai nyongeza. Mtu akija ghafla akakwambia "naweza" utamuuliza unaweza nini, na hata tukisema "huyu nimemweza" lazima kuna aliyeshindwa hapo. Wezesha nayo imerithi dai hilo hilo, unamwezesha mtu KUFANYA kitu. Lakini fungua ripoti yoyote ya mradi uone, "vijana wamewezeshwa", nukta. "Kikundi kimewezeshwa", nukta. Kufanya nini jamani? Sentensi imekatwa kichwa na watu wanapiga makofi.

Chukua cherehani, maana cherehani ndo haikosekani kwenye hizi habari. Kikundi cha akina mama kinapewa cherehani, picha zinapigwa, kinaandikwa "kimewezeshwa". Sasa mi nauliza maswali ya kawaida tu. Funguo ya chumba cha cherehani anakaa nayo nani? Mratibu. Bei ya gauni anapanga nani? Mratibu. Kwenye akaunti ya benki sahihi ni ya nani? Ya mratibu na mwenzie wa ofisini. Wakiamua cherehani moja iuzwe wanunue uzi na vitambaa wanaruhusiwa? Hawaruhusiwi, mali ya mradi. Na mmoja wao akikataa kushona sare za ofisi kwa bei ya hasara anaondolewa kikundini. Hao mama wamepewa vifaa, na kupewa vifaa ni jambo jema, sina neno nalo, liandikwe hivyo hivyo "wamepewa vifaa" na hakuna atakayekasirika. Lakini mpini kashika mratibu, wao wameshika makali, na neno linalotangaza kwamba wana mamlaka limetumika kuficha kwamba hawana. Hapo ndo nakasirika kwelikweli, kwa sababu sio kosa la sarufi peke yake, ni watu wanaambiwa wamepata kitu ambacho hawajapata na lugha yao wenyewe ndo inatumika kuwanyamazisha.

Kujengewa uwezo ni ndugu yake huyo huyo, siku mbili za semina na chai, sitampotezea muda.

Kuna wanaosema kuempower, "tumewaempower madada", hao zamani niliwafokea sana siku hizi nimechoka, waendelee tu, angalau wanajua wanatumia neno la watu. Na yule anayekutumia meseji "kaka niwezeshe nauli" wengi wanamcheka kwamba kaharibu Kiswahili, mi namtetea. Yeye kasema anataka kuwezeshwa nini, sentensi yake inaeleweka mwanzo mpaka mwisho, ukimtumia atapanda gari aende. Amewashinda waandishi wa ripoti wengi.

Kwa taasisi mambo ni rahisi zaidi, usiseme tume imewezeshwa kama unachomaanisha ni sheria, sema imepewa meno au imepewa mamlaka ya kushtaki, kukagua, kufungia, utaje lipi. Ikiwa imepewa magari na kompyuta ndo useme imewezeshwa kufanya kazi zake, hapo neno liko nyumbani.

Mimi ripoti ikija mezani kwangu na "wamewezeshwa" iliyosimama peke yake naizungushia duara naandika pembeni: kufanya nini? Wengine hawarudi kabisa. Wanaorudi mara nyingi wamefuta neno wameandika "wamepewa mkopo wa kulipa kwa mwaka mmoja", na hiyo naipitisha bila hata kuisoma mara ya pili.