Usihame kozi, mazingira yamo humo humo

Mdogo wangu, umeuliza kama uache uhandisi wa ujenzi mwaka wa tatu kwa kuwa unapenda mazingira. Usihame. Maji safi, majitaka na taka ngumu vimo ndani ya digrii hiyohiyo, mradi inatambuliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Haidroliki, somo la mwendo wa maji, isome kwa bidii. Bila hiyo huwezi kusanifu hata bomba moja.

Maabara usinakili matokeo ya wenzako. Pima BOD mwenyewe, yaani oksijeni ambayo bakteria hutumia kula uchafu ulio majini: chupa ya sampuli ikae gizani siku 5 kwenye nyuzijoto 20, bakteria waule uchafu polepole, kisha upime oksijeni iliyobaki na kuilinganisha na ya mwanzo. Hapo utaelewa kwa nini mabwawa ya kusafishia majitaka kule Ruai, Nairobi, ni mapana vile: bakteria wanahitaji muda. Atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, omba kampuni ya maji, tena mapema.