Usikubali dumu moja la oili kwa fowili nzima

Ukiingiza fowili (gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne) gereji hapa Mombasa na kusema tu "badilisha oili ya gia", mara nyingi fundi ataleta dumu moja la GL-5 (daraja la oili ya gia) na kulipitisha kote: giaboksi, transfa (boksi linalogawa nguvu kati ya mbele na nyuma), difu ya mbele na difu ya nyuma (maboksi ya gia katikati ya ekseli). Gari litatoka likitembea vizuri. Hasara yake haionekani siku hiyo, huja polepole, na ndiyo maana nawasihi wenye Prado, Hilux, Patrol na Pajero wajue wenyewe kila boksi linakunywa nini kabla ya nati yoyote kufunguliwa.

Tuanze na difu. Meno yake yanabebana huku yanateleza juu ya mengine, tena chini ya uzito mkubwa, kiasi kwamba oili dhaifu hukamuliwa ikatoka na chuma kikasaga chuma. GL-5 imetiwa dawa nyingi za salfa na fosforasi kwa kazi hiyo hasa. Difu ikiandikiwa GL-5, usiipe GL-4, daraja lenye dawa chache zaidi, eti kwa sababu ndiyo iliyobaki dukani. Na ukiona kibandiko cha LSD (difu inayozuia gurudumu moja kuzunguka ovyo) kwenye difu ya nyuma, ujue inataka oili iliyoandikwa LSD, la sivyo itatetemeka na kulalama kila unapokata kona.

Giaboksi ya manuali ni habari nyingine. Ndani mna pete za shaba za sinkro, na kazi yake ni kushika kwa msuguano ili gia iingie bila kugonga. GL-5 nyingi huziponyosha pete hizo, na baadhi ya dawa zake huila shaba joto likizidi. Utaanza kusikia gia ya pili ikigoma, kisha ya tatu. Toyota nyingi zimeruhusiwa GL-4 au GL-5, hapo lala salama. Lakini kitabu kikitaja GL-4 peke yake, simama hapo hapo hata fundi akikuona mbishi. Transfa nayo haina desturi moja: Toyota nyingi hutumia oili ya gia, ilhali Nissan kadhaa, Navara ikiwemo, hutumia ATF (oili ya giaboksi za otomatiki).

Kuhusu uzito wa oili, yaani unene wake, watu hubishana bure juu ya 75W, 80W na 85W, namba ya mbele katika maandishi kama 75W-90. Namba hiyo ya mbele inapimwa kwenye baridi kali, 75W ikipimwa kwa nyuzi 40 chini ya sifuri. Pwani hatuna baridi hiyo. Inayotuhusu zaidi ni namba ya nyuma, inayopimwa oili ikiwa na joto la nyuzi 100. Kama kitabu kinasema 90, weka 90. Ile 140 ni ya magari yaliyoandikiwa hivyo, si dawa ya kuficha kelele za difu iliyochoka.

"Lakini kitabu changu ni cha Kijapani." Nalisikia hilo kila mara, kwa kuwa magari yetu mengi yameshuka bandarini yakiwa yametumika Japani. Hata hivyo GL-5, 75W-90 na WS (ATF ya Toyota) huandikwa kwa herufi hizi hizi zetu. Fungua kurasa za mwisho, utaziona. Kwa Toyota, tazama pia kile kibati chenye namba ya chesisi. Palipoandikwa TRANS/AXLE ndipo penye jina la giaboksi. A343F ni otomatiki ya zamani yenye dipstiki. A750F nyingi zinakunywa Toyota WS na hazina dipstiki kabisa.

Kwenye otomatiki sina mzaha hata kidogo. WS ni nyepesi kuliko Dexron III, aina nyingine ya ATF, na kuchanganya kwa sababu zote ni nyekundu ni kujitafutia giaboksi mpya. Pajero nyingi zina ATF yao ya SP-III, Nissan zina Matic zao, na ukiwa na X-Trail ya CVT (giaboksi ya mkanda isiyo na gia za hatua) usiipe ATF hata tone. Giaboksi isiyo na dipstiki hupimwa kwa nati ya kumwagikia (tundu la kutolea oili iliyozidi), oili ikiwa na joto maalumu na injini inanguruma. Fundi asiye na kipimo cha joto asiiguse. Tena ukimwaga, sehemu kubwa hubaki ndani ya torki konvata (kiungo kati ya injini na giaboksi), kwa hivyo ikiwa nyeusi utarudia baada ya muda.

Nunua chupa iliyofungwa, kwa muuzaji anayekupa risiti. Oili bandia zipo, na rahisi huvunja upishi.

Sasa maji, adui mkubwa wa difu za huku kwetu. Anayeshusha boti kwa trela huko Mtwapa anafika ufukweni difu ikiwa moto, kisha anairudisha nyuma hadi ekseli iingie baharini. Hewa ya ndani inapoa ghafla, inajikunja, na difu inavuta maji ya chumvi kupitia kipumulio (tundu lake la hewa) au sili (mpira wa kuzuia uvujaji). Mafuriko ya masika barabarani hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo baada ya maji usingoje kilomita zitimie. Weka gari mahali tambarare, fungua nati ya kujazia kwanza, ndipo ile ya kumwagia. Ya juu ikigoma baada ya kumwaga, huna pa kurudishia oili. Tazama sumaku ya nati: unga laini wa kijivu ni wa kawaida, vipande vinavyochoma kidole si vya kawaida. Oili ikitoka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Jaza oili ya bei nafuu ya daraja lile lile hadi ianze kuchuruzika tunduni, tembea mwendo mfupi, mwaga tena, ndipo utie ile nzuri. Kisha mwambie fundi aunge mpira kwenye kipumulio na kuupandisha juu hadi karibu na injini.