Maswali na majibu: Nitajuaje kama linki za shokapu nilizochonga mwenyewe zinafaa?

SWALI

Shikamoo fundi. Nina pikipiki ya motokrosi ya sisi 125, tustroku, nilinunua mtumba. Mimi nina kilo 88. Nikiruka, nyuma inapiga chini mpaka tairi linakwaruza madigadi. Nimekaza ringi ya springi hadi imekaribia mwisho. Sasa ikisimama peke yake inashuka milimita 12, nikipanda na buti, kofia na vazi lote inashuka 103. Fundi mmoja hapa Majengo anasema nikate koili moja ya springi. Mwingine anasema nichonge linki fupi zaidi, vile vipande viwili vinavyounganisha mkono wa tairi la nyuma na shokapu. Kipande cha alumini cha milimita 10 ninacho, nacho kimeyeyushwa na kumiminwa hapahapa mjini. Nikizichonga, nizijaribu vipi kabla ya kwenda uwanjani? Na gesi ya shokapu ikiisha, naweza kujaza upepo wa kompresa?
Msomaji, Moshi

JIBU

Marahaba, kijana. Umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umeleta vipimo. Na vipimo vyako vimeshajibu nusu ya swali, ila vinakataa ushauri wote wawili uliopewa.

Tuanze na hizo 12 na 103. Pikipiki yenye mwendo wa nyuma wa milimita 300 hivi hutakiwa kushuka 100 hadi 105 mpandaji akiwa juu, na 25 hadi 40 ikiwa peke yake. Ya kwako ukiipanda iko sawa, ikiwa peke yake haishuki vya kutosha. Watu wengi wakiona haishuki husema springi ni ngumu. Ni kinyume chake. Springi ni laini, wewe umeibana kwa ringi ili ikubebe, kwa hiyo bila wewe inaisukuma pikipiki juu mpaka karibu na kikomo. Kukaza ringi hakuongezi ugumu hata chembe, kunabadilisha tu mahali springi inapoanzia kazi.

Springi za 125 za aina yako mara nyingi huwa kama kilo 4.6 kwa milimita, yaani kilo 4.6 huibana milimita moja, na zimepigiwa hesabu kijana wa kilo 70. Sasa uzito wako peke yako unaishusha milimita 91, yaani 103 toa 12. Ukiweka ya kilo 5.4, uzito huohuo utaishusha kama 78. Rudisha ringi mpaka jumla iwe 103, na pikipiki peke yake itashuka 25. Umeingia kwenye kipimo bila kuchonga chochote.

Hapo yule wa kukata koili atasema, "Si ndiyo nilichosema?" Kwa hesabu yuko sahihi: springi ya koili saba zinazofanya kazi ukiikata moja, 4.6 inakuwa karibu 5.4. Lakini ncha uliyoikata haikai bapa tena. Springi inakaa upande, inaisukuma shafti ya shokapu pembeni kila inapobanwa, na baada ya muda bushi na oili sili zimekwisha. Ukiipasha moto ncha ili uilaze, umeua ugumu wa chuma. Na koili zilizobaki zinabanwa zaidi kwa mwendo uleule, kwa hiyo zinagusana mapema. Tafuta springi nyingine ya mtumba yenye kipenyo cha ndani na urefu sawa na yako. Haina ulazima iwe ya kampuni ileile.

Utajuaje ugumu wake kama maandishi yamefutika? Hapa ndipo mifuko ya simenti inapokuja. Simamisha springi juu ya sakafu iliyo sawa, ndani yake pitisha bomba lililochomelewa kwenye bamba la chini ili isiruke pembeni. Juu weka bamba la chuma lenye tundu la kupitisha bomba, kisha ubao wenye tundu hilohilo, mnene kiasi kwamba bomba lisitokeze kwenye mfuko. Pakia mfuko wa kwanza, kilo 50, upime urefu wa springi kwa vernia. Usiutumie mfuko huo kutafuta ugumu, kazi yake ni kuikalisha springi tu. Ongeza wa pili na wa tatu, pima tena. Kati ya mfuko wa kwanza na wa tatu umeongeza kilo 100. Gawa kilo 100 kwa milimita zilizopungua: zikipungua 21.7 ni ile ya 4.6, zikipungua 18.5 umeipata ya 5.4. Mifuko ipime kwanza kwenye mizani ya magunia, maana uliowahi kufunguliwa haujazi 50. Mimi huazima mizani kwa muuza mahindi jirani, sharti niirudishe kabla soko halijachangamka.

Sasa linki. Kwenye pikipiki nyingi linki fupi huinua nyuma, pembe ya shokapu za mbele inasimama zaidi, na usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi kwenye mteremko wa kasi. Pia unabadilisha jinsi uwiano wa tairi na shokapu unavyokwenda kutoka juu hadi chini, na huo waliokuundia pikipiki waliupanga kwa makusudi. Kama za zamani zimechakaa na unataka kuchonga mpya, sawa, ila umbali wa tundu hadi tundu uwe uleule wa mwanzo. Usipunguze hata milimita mbili.

Na hicho kipande cha alumini usikiguse. Nakwambia kwa aibu yangu mwenyewe. Miaka ya nyuma nilichonga linki kutoka kwenye alumini ya kuyeyusha, pistoni za zamani na mabaki ya sufuria. Ilipendeza, nikaing'arisha ikawa kama kioo. Siku ya nne ya mazoezi ilikatika wakati wa kutua, tairi likapanda juu, nikavunjika mtulinga. Nilipokuja kuangalia mkatiko, nusu yake ilikuwa nyeusi yenye mistari iliyopindana kama alama za maji yanapokupwa ufukweni, nusu nyingine inameta. Ile nyeusi ilikuwa imeanza kupasuka siku nyingi, ikianzia kwenye kitundu cha hewa kidogo kuliko punje ya mtama. Ni kile cha kumeta tu kilichokuwa kimebaki kunibeba.

Tumia chuma. Ukipata EN8, chuma chenye nguvu kuliko chuma laini, kwa wauza vyuma, ni vizuri; usipoipata hata chuma laini cha bapa kitatosha kwa unene wa milimita 6. Kuhusu uzito usiogope: linki ya chuma ya milimita 6 yenye urefu wa 140 na upana wa 25 ina gramu 165 hivi, ya alumini ya milimita 10 ina 95. Tofauti ni kama yai moja la kuku.

Hesabu ya mzigo nifuatishe. Pikipiki, wewe na mavazi ni kama kilo 190, nyuma panabeba kama 115. Ukitua kutoka kwenye mruko wa kawaida, chukua mara tatu na nusu, ni kilo 400 kwenye tairi. Tairi linakwenda milimita 300 wakati shokapu inakwenda 110, kwa hiyo shokapu inasukumwa kwa mara 2.7, zaidi ya tani moja. Roka, kile kipande kinachozunguka kati ya linki na shokapu, inaongeza yake. Mimi huchukua tani moja na nusu kwa linki mbili, yaani kilo 750 kila moja, kisha kila moja naijaribu kwa mara mbili ya hapo.

Kuchonga kwenyewe usiharakishe. Toboa kwa keeka ndogo kuliko kipimo, malizia kwa rima, kile chombo cha kupanua tundu kwa usahihi, ili bolti iingie kwa kusukuma kwa kidole. Kuzunguka tundu la bolti ya milimita 12 acha upana wa 30. Kiuno cha linki kishuke taratibu, pasiwe na kona kali. Malizia na tupa kwa urefu, si kwa kukatiza, kwa sababu mkwaruzo wa kukatiza ndio mwanzo wa ufa. Usipige senta panchi wala kugonga jina lako kiunoni. Najua vijana mnapenda majina. Bolti iwe na alama ya nguvu ya 10.9 kichwani, na sehemu inayokaa ndani ya tundu iwe laini, uzi uanzie nje.

Kuijaribu unahitaji cheni bloku ya kuinulia injini, mizani ya kuning'iniza ya wauza chuma chakavu inayofika tani tatu, na kipande cha chesisi ya lori kilicholala chini. Funga linki kwa bolti ileile utakayoitumia, upande mmoja kwenye chesisi, upande wa pili kwenye mizani, mizani kwenye bloku, bloku kwenye ncha nyingine ya chesisi. Kabla ya kuvuta, pima umbali wa tundu hadi tundu uandike. Funika linki na mizani kwa tairi kuukuu na magunia, simama ubavuni, asiwepo mtu kwenye mstari wa cheni. Vuta hadi tani moja na nusu, shikilia dakika moja, legeza. Rudia mara tano. Pima tena. Ikiwa imerefuka hata sehemu moja ya kumi ya milimita, ikate vipande viwili mwenyewe ili mwingine asije akaiokota.

Ikipita hapo, iloweke kwenye mafuta ya taa kwa saa moja, ifute kabisa, kisha ipake unga wa chaki. Iache robo saa. Palipo na ufa, mafuta yatajichora mstari mweusi mwembamba kwenye chaki. Jaribio la kuvuta linaonyesha nguvu ya leo tu, halionyeshi uchovu wa chuma, kwa hiyo chaki na mafuta ya taa yarudie kila baada ya siku ya kuendesha. Mwisho wa msimu zitupe.

Wanaokucheka kwa kuchonga mwenyewe, waambie kuhusu John Britten wa Christchurch, New Zealand, aliyeunda pikipiki ya mashindano ya V1000 mwanzoni mwa miaka ya 1990, na uma wa mbele na magurudumu akayatengeneza mwenyewe kwa nyuzi za kaboni. Ila naye alikuwa mhandisi, na alipima.

Siku ya kwanza uwanjani funga kamba nyembamba ya plastiki kwenye shafti ya shokapu ili ujue imefika wapi. Zunguka dakika tano bila kuruka, simama, kagua bolti. Kisha miruko midogo. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, andika kwenye daftari. Rafiki akurekodi kwa simu kwa mwendo wa polepole: nyuma ikirudi juu na kurusha kiti baada ya kutua, ongeza kizuizi cha kurudi, klik mbili mbili.

Gesi: hapana. Shokapu hujazwa naitrojeni, kwa kawaida kama ba 10, kwa sababu ni kavu na haina oksijeni. Upepo wa kompresa una unyevu, na oksijeni iliyobanwa karibu na oili yenye joto sitaki iwe chini ya makalio yangu. Wanaojaza naitrojeni kwenye matairi mara nyingi hawafiki shinikizo hilo, tafuta mwenye mtungi na regyuleta. Na kabla hujafungua shokapu yoyote, toa gesi kwanza, yote.

Kitu kimoja hukuuliza. Moshi iko kama mita 800 hadi 900, Arusha kama 1,400. Ukija kushindana huku, hewa iliyofungiwa kwenye shokapu za mbele itakuwa na shinikizo zaidi kuliko ya nje, na mbele itakuwa ngumu bila sababu unayoiona. Ukifika, inua tairi la mbele lisiguse chini, fungua skrubu ndogo ya juu ya kila shokapu mpaka usikie imepumua, kisha uifunge.