Kabla Hamjawasha Matairi

Baba mdogo aligongwa saa kumi na moja na nusu jioni, jua likiwa bado juu ya miwa. Nataja saa hiyo makusudi, kwa sababu matanga yote swali nililoulizwa mara nyingi ni kama baiskeli yake ilikuwa na taa. Watu waliokula ugali uani kwake waliuliza hivyo. Hakuna aliyeanza kwa kuuliza dereva alikuwa anafanya nini upande usio wake.

Ilikuwa mwaka 2016, barabara ya Mumias kwenda Kakamega, magharibi mwa Kenya. Alikuwa anapeleka maziwa ya jioni sokoni, mitungi miwili imefungwa kwa mpira kwenye keria ya baiskeli yake aina ya Black Mamba. Mbele yake lilikuwa linakuja trekta la miwa linavuta trela mbili. Nyuma ya trekta, pikapu ikachoka kungoja, ikachomoka kulipita na kumjia uso kwa uso. Hakuwa na pa kwenda. Pale lami ilikuwa imeinuka juu ya udongo kiasi kwamba ukishuka na mzigo, baiskeli inakutupa. Pikapu ilisimama hatua kama hamsini mbele, taa za breki zikawaka, halafu ikaondoka.

Kilichofuata nakijua vizuri kwa sababu nilikuwemo. Vijana wa bodaboda walifika kwanza. Kabla ya nusu saa tulikuwa tumefunga barabara kwa mawe na matawi, na matairi yanawaka. Moja nililibeba mimi. Tuliyawasha pale pale alipoangukia, tukiona ndiyo heshima yake. Polisi walipofika na kuchora ramani ya ajali, hakukuwa na alama ya breki wala kipande cha kioo cha taa. Kulikuwa na masizi na nyaya za tairi. Askari alichora alichoambiwa, na kila mmoja wetu alimwambia lake.

Usiku huohuo jirani yetu, fundi wa baiskeli, aliichukua Black Mamba akanyoosha rimu, akaosha damu, akaipaka mafuta mnyororo. Asubuhi aliiegemeza kwenye mwembe ikiwa inang'aa. Mama mdogo alimshika mikono yote miwili akalia, na mimi pia nililia. Wiki tano baadaye wakili akatuuliza: kwenye usukani na kwenye pedali ya kulia, kulikuwa na rangi ya gari? Fundi alikaa kimya kidogo. Akasema ndiyo, nyeupe, aliitoa kwa msasa.

Shahidi wetu wa maana alikuwa mama anayechoma mahindi kando ya barabara. Aliiona nambari ya gari. Lakini tulimfuata baada ya mazishi, wiki ya tatu, na kufikia hapo alikuwa hana hakika na herufi mbili. Siku ya kwanza angeitaja yote. Nasi siku ya kwanza tulikuwa tunatafuta matairi.

Siandiki haya kuwalaumu vijana wanaofunga barabara. Hasira ile ina sababu. Nchi hii inazika zaidi ya watu 4,000 kila mwaka kutokana na ajali za barabarani, na katika orodha ile waendesha baiskeli ndio kundi dogo kabisa, chini ya wanaotembea kwa miguu, chini ya wa pikipiki na abiria wao. Kundi dogo halina wa kulisemea. Na huku kwetu ndiko kazi ya bodaboda ilikozaliwa, Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa baiskeli, kabla ya pikipiki kuja. Kwa hiyo mkitaka kufunga barabara, sitasimama mbele yenu. Ninachoomba ni nusu saa. Zungushieni matawi mahali alipoangukia kama tunavyofanya gari likiharibika, kila kilichomo ndani kibaki, mtu mmoja apige picha za karibu na za mbali, na anayekumbuka nambari ya gari aiandike hata kwa makaa kwenye katoni. Baiskeli isiguswe. Matairi, kama lazima, yawekwe mbali na pale.

Halafu jioni hiyohiyo, kabla kikundi cha WhatsApp cha mchango hakijafunguliwa, teueni mtu wa karatasi. Asiwe mjane, asiwe mtoto wa marehemu, na asiwe mweka hazina wa mazishi maana huyo hatalala. Awe binamu au shemeji mwenye subira ya kukaa kwenye benchi. Kazi yake ni kupata nambari ya OB (kitabu cha matukio) kituoni, kuhakikisha uchunguzi wa maiti unafanywa kabla ya maziko, kuandika majina na simu za mashahidi wangali wanakumbuka, na kufuatilia abstrakti ya polisi (karatasi ya muhtasari wa ajali) hadi itoke. Nambari ya gari ikipatikana, rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, zinaonyesha mwenye gari ni nani, na abstrakti huonyesha kampuni ya bima. Sheria inamtaka dereva asimame, na kama hakuonana na mtu pale pa kumpa jina lake, aripoti polisi ndani ya saa 24. Asiyefanya hivyo ana kosa jingine juu ya lile la kwanza.

Watu wengi kwetu hawajui kwamba bima ya lazima ya kila gari inamhusu hata mtu wa baiskeli. Fidia yake kisheria haizidi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, na kesi hufunguliwa ndani ya miaka 3. Inaonekana mingi. Sisi mwaka mzima uliishia kwenye kusubiri, kurudi kesho, na kutafuta barua ya chifu ya kuanzishia shughuli za mirathi.

Wapo pia mabroka. Watafika hadi mochari na fomu zilizojazwa nusu, wakimtaka mjane atie sahihi ili "wamsaidie kufuata pesa". Waambieni warudi baada ya mazishi, na mtachagua wakili wenyewe. Na mwenye gari akija na watu wake kununua jeneza, rambirambi pokeeni, mlisheni chakula, lakini msitie sahihi karatasi yoyote inayosema yameisha. Kifo cha barabarani ni kesi ya serikali dhidi ya dereva. Si deni la ng'ombe kati ya familia mbili.

Nije kwa barabara yenyewe, maana hapa tulikosea mara ya pili. Miezi minne baada ya kuzika tulijenga tuta. Usiku, kwa udongo na mawe, bila rangi wala kibao. Tulijisikia watu waliofanya jambo. Mwezi uliofuata mwanafunzi wa kidato cha pili alitoka posho mill na gunia kwenye keria, hakuliona, akaruka juu ya usukani na kuvunjika mfupa wa bega. Baiskeli. Tuta tulilomjengea mtu wa baiskeli. Nilikwenda kumsalimu hospitalini, na sikupata maneno ya kumwambia mama yake.

Tulilibomoa wenyewe. Kisha tukaanza upya kwa rula na daftari. Tulipima kina kutoka lami hadi udongo kila hatua kumi, kwa urefu wa mita mia tatu: mahali pengi sentimita 15, pale alipoangukia 19. Hicho ndicho kilichomzuia kushuka, na hakuna aliyekuwa amekitaja, wala polisi wala sisi. Tulikuwa tukisema "mwendo wa kasi" tu, neno ambalo ofisini halina pa kuandikwa. Sentimita 19 zina pa kuandikwa. Tulipeleka barua yenye vipimo, picha na mhuri wa chifu, nakala kwa mwakilishi wadi, na tukaisoma kwa sauti kwenye kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti. Mjue kwanza barabara ni ya nani, KeNHA (barabara kuu), KURA (za mijini), KeRRA (za vijijini) au kaunti, la sivyo barua yenu itazunguka. Yetu ilizunguka miezi sita. Ya pili ilifika, na baada ya zaidi ya mwaka kingo zikajazwa murram na tuta likajengwa, lenye rangi na kibao cha kilomita 50 kwa saa.

Kijana mmoja wa kwetu aliyesoma mtandaoni alipendekeza tuipake nyeupe Black Mamba na kuifunga kwenye nguzo pale, kama walivyoanza kufanya St. Louis, Marekani, mwaka 2003. Wazo lilinigusa. Mama mdogo alikataa, na alikuwa na haki: baiskeli ile ndiyo ingebeba maziwa kesho yake. Leo mwanawe wa kwanza ndiye anayeiendesha. Badala yake, Jumapili ya tatu ya Novemba, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2005 kuwakumbuka waliokufa barabarani, tunatoka na majembe na toroli kujaza kingo zilizoliwa na mvua, na tunawapa madereva wa trekta za miwa vibandiko vya kung'aa gizani wabandike nyuma ya trela. Wengi wao ni watoto wetu. Hawakatai.

Mwaka jana mwendesha baiskeli mwingine, muuza samaki, aligongwa kilomita moja kutoka pale. Nilifika nikakuta matawi yamezungushwa, baiskeli imelala kama ilivyoanguka, omena wamemwagika kwenye lami na hakuna aliyewakanyaga. Vijana walikuwa wamesimama na matairi begani, wanangoja polisi wamalize kupima. Mama wa mahindi alikuwa amekaa kwenye mtungi wake uliopinduliwa, katoni mapajani, nambari ya gari imeandikwa mara mbili. Dereva alipatikana siku ya pili. Kesi imeshasikizwa mara tatu, na shahidi wa kwanza kupanda kizimbani alikuwa mama huyo wa mahindi.