Jahazi la Taa Annapolis: Mnaotaka Kupamba Boti Desemba Hii

Jumatatu nilipata ujumbe wa msomaji aliyeko Seattle. Yeye na wenzake watatu wamempata mtu mwenye boti ya matanga, wanataka kuipamba taa waingie kwenye gwaride la Krismasi la majini. Ameniuliza: "Dada, tuanzie wapi, na taa ngapi zinatosha?" Nimeona nisimjibu peke yake. Wengi wenu mlioko huku mmeshasimama ukingoni mwezi wa Desemba na makoti mawili mawili, mkitazama boti zinapita zinawaka, na kila mmoja akasema moyoni, mwakani na mimi nimo. Mimi niliyasema hayo miaka mitatu mfululizo kabla ya kuthubutu.

Hapa Annapolis, Maryland, gwaride hilo linaandaliwa na Eastport Yacht Club tangu 1982. Ni Jumamosi moja ya Desemba, saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku. Boti zinazunguka bandarini mbele ya City Dock na ukuta wa Chuo cha Jeshi la Majini, nyingine zinazunguka ndani ya Spa Creek, na watu wanajaa kila penye ukingo. Hapo City Dock ndipo ilipo sanamu ya Alex Haley, mwandishi wa kitabu cha Roots, akiwasomea watoto, kwa sababu aliandika kwamba ndipo babu wa ukoo wake Kunta Kinte, aliyetekwa Gambia, alishushwa kutoka meli ya watumwa ya Lord Ligonier mwaka 1767. Mara ya kwanza nilipoisoma ile bamba nilisimama hadi vidole vikafa ganzi. Nikasema, siku nikipita hapa kwa maji, nitapita na kitu cha kwetu.

Maana taa za baharini si ngeni kwangu. Nimezaliwa Pangani. Usiku wa giza, mwezi haupo, wavuvi wa dagaa walikuwa wakitoka na karabai, na sisi watoto tukikaa ufukweni tunaona kule mbele kama mji mzima umewashwa juu ya maji. Mjomba wangu alikuwa akivuka na mashua hadi Mkokotoni, kule Unguja, na alipochelewa, bibi alikuwa akizihesabu zile taa moja moja kana kwamba angeitambua yake.

Sasa niwaambie ya mwaka wa kwanza, maana mazuri ya mwaka huu yametoka humo.

Boti ni ya mzee mmoja Mmarekani ambaye nilimuuguza mkewe. Tunamwita Nahodha. Ni boti ya mlingoti mmoja, na mkewe alipofariki ilikaa gatini misimu miwili bila kuguswa. Nilipomwomba, alinyamaza kidogo akasema sawa, ila niifagie mwenyewe. Nikakusanya watu: kaka wa Kisumu aliyekulia na mitumbwi ya Ziwa Victoria, dada wa Bukavu, na mwenzetu mwingine ambaye leo simtaji hata kwa mji wake. Tukachanga. Tukanunua mitungo sita ya balbu kubwa za zamani kwenye duka la mitumba, kwa kuwa zilikuwa za bei poa na rangi zake zinapendeza. Tukatundika mtu wa theluji na maboksi ya zawadi, kama kila mtu.

Hakuna aliyepiga hesabu. Balbu moja ya aina ile inakula wati 7. Mtungo una balbu 25, kwa hiyo wati 175. Mitungo sita ni wati 1,050. Sisi tulikuwa na inveta ya wati 1,000, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, spika juu yake, na betri moja ya volti 12, ileile inayowasha injini na taa za usalama za boti. Mzigo kama huo unavuta karibu ampea 100 kwenye betri, na waya tuliounga kutoka betri kwenda inveta ulikuwa mwembamba kama wa redio.

Tulikwenda dakika ishirini na kitu. Tulikuwa tunakata kona mbele ya City Dock, pale pale nilipoapa kupita, inveta ikaanza kulia tii, tii, tii. Halafu giza. Taa za mapambo zote zikazima, na zile za usalama zikabaki hafifu kama makaa ya jana. Nahodha hakupiga kelele. Alisema tu, "Tunatoka kwenye msururu." Nilishuka chini na tochi mdomoni, nikakuta gamba la ule waya limelainika kama nta, limeshikana na ubao, na harufu yake sijaisahau hadi leo. Tungechelewa kidogo tungekuwa na moto ndani ya boti, usiku, kwenye maji ya baridi ambayo mtu hadumu ndani yake.

Yaliyoniuma zaidi yalikuja kesho yake. Mwenzetu yule, aliyekula chakula chetu na kukaa omo, mbele kabisa ya boti, akipiga picha, aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp lenye watu mia mbili na zaidi kwamba "tumetiwa aibu mbele ya wazungu." Sikumjibu. Mpaka leo sijamjibu. Lakini nilijua kwamba betri haikujua nani mzungu nani mweusi. Tulishindwa kwa sababu hatukujaribu.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Seattle, ushauri wangu wa kwanza na wa pili na wa tatu ni huo: jaribuni. Washeni taa zote gatini, usiku, boti ikiwa imefungwa, muda uleule wa gwaride na nusu saa juu yake. Shikeni waya kwa mkono kila baada ya dakika kumi. Mkiona waya unachoma mkono, kuna jambo.

Mwaka huu tulianza Septemba. Mume wa dada wa Bukavu ni fundi umeme, akatukalisha mezani na karatasi. Tuliachana na balbu za zamani, tukachukua za LED, ambazo mtungo wa taa mia unakula kama wati 5 tu. Mitungo thelathini, taa elfu tatu, wati 150. Tukanunua betri ya pembeni ya kazi hiyo peke yake, haijaungana kabisa na betri ya boti, na fyuzi tukaiweka karibu na betri, waya mnene unaostahili. Hesabu ilionyesha tungetumia chini ya nusu ya betri kwa saa mbili na nusu, na ndivyo ilivyokuwa. Wako wanaotumia jenereta ndogo. Kama ndiyo njia yenu, ikae nje kabisa, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na boti, kamwe isiingie ndani ya boti wala karibu na mlango wake, maana ule moshi una sumu isiyo na harufu na umeshaua watu kwenye boti.

Pambo lenyewe nililitaka mimi, na sikuwapa nafasi ya kunikatalia. Nilitaka jahazi. Mamajusi watatu wamepanda jahazi, wamebeba dhahabu, uvumba na manemane. Uvumba umevuka bahari yetu kwa majahazi kutoka Arabuni tangu enzi na enzi, kwa nini mamajusi wasije kwa tanga? Kaka wa Kisumu aliguna, dada wa Bukavu akapiga makofi.

Tuliunganisha mabomba ya plastiki hadi mita sita, tukapitisha mti mwembamba ndani yasipinde, hiyo ikawa foromali, ule mti unaobeba tanga. Tukaipandisha kwa henza, kamba ya kupandishia tanga kubwa, imelala mshazari kama ile ya Pangani. Taa hatukuzining'iniza zenyewe. Tulizifunga kwenye kamba kila shubiri moja, ili uzito ubebwe na kamba, waya usivutwe. Hili lishikeni sana, maana waya ukivutwa na upepo unakatika ndani na hutaona ulipokatika. Plagi zikatazama chini, tepu juu yake, maji yakiingia yawe na pa kutokea. Na hakikisheni hakuna waya unaoweza kudondoka nyuma ukajisokota kwenye pangaboi la injini ndani ya maji.

Omo tuliweka taa nyeupe na za manjano tu. Nyekundu na kijani ni taa za usalama, nyekundu kushoto na kijani kulia, nyeupe nyuma, na sheria za bahari zinakataza taa nyingine yoyote inayoweza kudhaniwa ni hizo au kuzifunika. Kaka alitaka kijani omo kwa ajili ya mnazi. Tulibishana siku mbili. Nahodha ndiye aliyeamua, na hapo niseme: mwenye boti ndiye msemaji wa mwisho. Msipokubaliana hilo mapema, urafiki utaishia gatini.

Na tulijaribu. Mara tatu. Mara ya pili majusi wa kati hakuwaka mkono, tukakaa kwenye baridi saa nzima kutafuta kiungo kimoja.

Usiku wenyewe upepo ulikuwa mdogo. Tulivaa majaketi ya kuokolea maisha juu ya makoti, wote, hata wanaojua kuogelea. Tulipofika kona ya City Dock moyo ulisimama, nikawa nasikiliza inveta badala ya kutazama watu. Haikulia. Tanga lilikuwa juu limetulia, na mwanga wake ulilala chini ya maji. Kwetu ilikuwa saa tisa usiku. Mama alikuwa macho, simu imeshikwa na mpwa wangu. Akasema, "Geuza, geuza nilione tanga." Nikageuza. Akanyamaza, halafu akaniambia, "Hilo ni la mjomba wako." Nahodha hajui Kiswahili, lakini aliniangalia akanipa usukani.

Jamani, msifanye jambo hili ili muonekane. Mtu anayekuja kuonekana hashiki kamba. Tafuteni wale watakaorudi kesho yake asubuhi kufungua vibana waya kimoja kimoja vidole vimeganda, hao ndio wenzenu. Tumezoea huku ugenini kupima watu kwa sherehe, nani alikuja, nani alivaa nini, nani alichanga. Wapimeni kwa kazi ya kufungasha. Yule mwenzetu wa mwaka wa kwanza amesambaza video ya jahazi letu na kuandika "hongera kwetu." Kwetu nani? Gatini Jumapili ile tulikuwa wanne na Nahodha, na chai ya tangawizi kwenye chupa moja.

Mitungo thelathini imerudi kwenye maboksi matano, imezungushwa kwenye vipande vya kadibodi isijifunge mafundo, na kila boksi nimeliandika kwa kalamu nene: tanga, foromali, omo, mamajusi, akiba. Yako kwenye stoo ya nyumba yangu. Wa Seattle, nitumie urefu wa mlingoti wenu, nitakupigia hesabu ya kamba.